Willemstad: mji mkuu uliozaliwa na bandari yake

Novemba 18, 2025, timu ya taifa ya Curaçao ilitoka sare ya bila kufungana na Jamaika mjini Kingston, na pointi hiyo moja ikaipeleka kwenye Kombe la Dunia la 2026. Ikiwa na wakazi wapatao 156,000, Curaçao iliivua Iceland rekodi iliyowekwa mwaka 2018 ya kuwa nchi yenye watu wachache zaidi kuwahi kufuzu. Tangu siku hiyo maswali hayajaisha vijiweni na mitandaoni. Je, hiyo ni nchi kweli au ni mkoa wa Uholanzi? Mbona wachezaji wake karibu wote wamezaliwa Ulaya? Mji wake mkuu, Willemstad, uko wapi hasa, maana ukiutafuta kwenye ramani unaweza kuletewa mji mdogo wa kusini mwa Uholanzi wenye jina hilohilo? Na mashabiki wa Zanzibar wana swali lao, lenye uchungu kidogo: kama hawa wameingia Fifa, sisi tumekosa nini?

Majibu mengi yanayotolewa huanzia kwenye katiba na mikataba, na kwa kawaida humwacha msomaji amechanganyikiwa kuliko alivyokuwa. Nadhani ni rahisi zaidi kuanzia majini. Kisiwa cha Curaçao hakina mto unaotiririka mwaka mzima, hakikuwahi kuwa na dhahabu ya kuwatosha waliokuja kuitafuta, na mvua yake ni haba kiasi kwamba mimea inayotawala mandhari ni midungusi na vichaka vya miiba. Kilichokipa thamani machoni pa wageni kwa karne nne ni bandari moja, na karibu kila jambo linalowatatiza watu kuhusu nchi hiyo, kuanzia lugha yake mpaka uhusiano wake na Uholanzi, lina mzizi wake katika bandari hiyo.

Tuanze na maneno

Kwanza, kisiwa. Curaçao kina ukubwa wa kilomita za mraba 444, yaani kama robo ya Unguja, na kipo kusini mwa Bahari ya Karibiani, kilomita zipatazo 65 tu kutoka pwani ya Venezuela.

Pili, nchi na dola. Katika mazungumzo ya kila siku tunayatumia maneno haya kama kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Dola ni ile inayotambuliwa na dola nyingine, inayokaa kwenye kiti cha Umoja wa Mataifa na kutia saini mikataba ya kimataifa. Ufalme wa Uholanzi ni dola moja, lakini ndani yake mna nchi nne: Uholanzi yenyewe iliyoko Ulaya, Aruba, Curaçao na Sint Maarten. Curaçao ina waziri mkuu wake, bunge lake lenye viti 21, sheria zake, kodi zake na polisi wake. Mambo ya ulinzi, ya nje na ya uraia yamebaki mikononi mwa Ufalme, na mfalme anawakilishwa kisiwani na gavana. Mtu wa Willemstad ana pasipoti ya Uholanzi, na kwa hiyo ni raia wa Umoja wa Ulaya, ingawa kisiwa chake hakimo katika Umoja huo wala katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani. Mfukoni hana euro; tangu Machi 31, 2025 anatumia gilda ya Karibiani, ambayo Curaçao inashirikiana na Sint Maarten.

Mpangilio huu ni mpya kuliko watu wengi wanavyodhani. Mpaka Oktoba 10, 2010, Willemstad ulikuwa mji mkuu wa nchi iliyoitwa Antili za Uholanzi, iliyojumuisha visiwa vilivyo jirani na Venezuela pamoja na vingine vilivyo mbali sana upande wa kaskazini mashariki, umbali wa kilomita zipatazo 900. Siku hiyo nchi hiyo ilivunjwa. Curaçao na Sint Maarten zikawa nchi ndani ya Ufalme, kama Aruba ilivyokuwa tangu 1986, na visiwa vidogo vya Bonaire, Saba na Sint Eustatius vikaunganishwa moja kwa moja na Uholanzi. Wananchi wa Curaçao walikuwa wameulizwa. Katika kura ya maoni ya Aprili 2005 kiasi cha asilimia 68 walichagua kuwa nchi inayojitawala ndani ya Ufalme, na waliotaka uhuru kamili hawakufika asilimia 5. Anayedai kwamba watu wa kisiwa hicho wameshikiliwa kwa nguvu hana budi kwanza kuieleza kura hiyo.

Uraia huo mmoja ndio unaojibu swali la wachezaji. Mtu wa Curaçao anahamia Amsterdam au Rotterdam kisheria kama mtu anayebadilisha mtaa, na familia nyingi zimefanya hivyo, kwa hiyo watoto wao wanazaliwa, wanakulia na kujifunza mpira Uholanzi. Katika kikosi kilichofuzu, Tahith Chong aliyezaliwa Willemstad alikuwa kama mgeni miongoni mwa wenzake.

Ama kuhusu Fifa, Curaçao haikubisha hodi juzi. Shirikisho lake limerithi uanachama wa Antili za Uholanzi, ambao nao ulitokana na uanachama ulioanza mwaka 1932, wakati eneo lote lilipokuwa likiitwa Curaçao, na kanuni za uanachama hazikuwa kali kama zilivyo leo. Zanzibar, ambayo nayo ina rais wake, Baraza la Wawakilishi na bendera, ilipokewa na Caf Machi 2017 kisha ikaondolewa miezi michache baadaye kwa hoja kwamba si dola huru. Kwa kipimo hicho hicho Curaçao nayo ingeshindwa. Tofauti kubwa ni tarehe ya kuingia, na mtu ana haki ya kuona kwamba hiyo ni hoja dhaifu ya kuwatenga wengine.

Bandari yenye shingo

Sasa twende majini. Picha ambayo karibu kila mtu ameiona ya Willemstad ni safu ya majengo marefu yenye mapaa ya Kiholanzi, ya manjano, waridi, buluu na kijani, yaliyojipanga ukingoni mwa maji. Wengi hudhani maji hayo ni bahari yenyewe au ni mto. Si bahari wazi, na si mto. Ni njia nyembamba ya maji ya bahari iitwayo Sint Annabaai, ambayo inaingia ndani ya kisiwa na kufunguka kuwa ziwa pana la maji ya chumvi liitwalo Schottegat. Chukua mtungi wa maji wenye shingo nyembamba na tumbo pana, ulaze chini mdomo ukielekea kusini. Mdomo ndio mlango wa bahari, shingo ndiyo Sint Annabaai, na tumbo ndilo Schottegat. Ile safu ya majengo ya rangi, iitwayo Handelskade, imesimama kwenye shingo.

Umbo hili lina sababu. Katikati ya kisiwa kuna miamba ya zamani ya volkeno ambayo inamomonyoka kwa urahisi, lakini pwani imezungukwa na ukuta mgumu wa mawe ya chokaa uliotokana na matumbawe. Maji ya mvua ya maelfu ya miaka yalichimba mabonde mapana huko ndani, ila yalipofika kwenye ukuta wa chokaa yaliweza tu kukata mlango mwembamba. Barafu ya zama za kale ilipoyeyuka na usawa wa bahari kupanda duniani kote, bahari iliingia kupitia milango hiyo na kuyajaza mabonde. Kisiwa kina ghuba kadhaa za aina hii, kama Spaanse Water na Piscadera, lakini Schottegat ndiyo kubwa na shingo yake ndiyo yenye kina kinachopokea meli za bahari kuu.

Kwa nahodha wa karne ya 17, mahali kama hapo palikuwa na faida ambayo kisiwa kikubwa chenye rutuba kingeweza kukosa. Meli zikishaingia tumboni, mawimbi hayazifikii na adui hazioni vizuri, na ili kuzilinda zote inatosha kulinda shingo. Bandari ya Willemstad ililindwa kwa ngome mbili zilizotazamana mlangoni, moja kila upande, na kati yao uliweza kuvutwa mnyororo mzito wa chuma wa kuzuia meli isiyotakiwa.

Wahispania, waliofika mwaka 1499, hawakuliona hilo kuwa jambo kubwa. Walikuwa wakitafuta dhahabu, na walipoikosa walikiweka kisiwa hicho katika orodha ya visiwa visivyo na faida, wakawahamisha wenyeji wake wengi, Wakaketio, kwenda kufanyishwa kazi kisiwa cha Hispaniola. Waholanzi walikuja na hesabu nyingine. Mwaka 1634 Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi ilikiteka kisiwa, na mwaka uliofuata ikaanza kujenga Ngome ya Amsterdam kwenye ncha ya mashariki ya mlango. Ngome hiyo ipo mpaka leo, na ndani ya kuta zake mna makazi ya gavana, ofisi za serikali na kanisa ambalo ukutani mwake bado kuna tufe la mzinga lililorushwa na Waingereza mwaka 1804. Kwa maneno mengine, serikali ya Curaçao bado inakaa mlangoni mwa bandari.

Mji uliozunguka ngome uliitwa Punda. Ulizungushiwa ukuta, ukajaa, na kuanzia mwaka 1707 watu wakaruhusiwa kujenga upande wa pili wa maji, mahali palipoitwa Otrobanda, yaani ng'ambo. Punda ni mtaa wa wafanyabiashara, wenye njia nyembamba na nyumba zilizobanana; Otrobanda, ambako hakukuwa na ukuta wa kuibana, ilikua kwa vichochoro na nyua, na ndiko walikokuja kuishi watu wengi weusi na machotara waliokuwa huru. Mitaa hii, pamoja na Pietermaai, Scharloo na bandari yenyewe, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco mwaka 1997. Wasomaji wengi hupitiwa na jambo hili: kilichoorodheshwa ni mji wa kale pamoja na bandari, kwa sababu ukiondoa maji katikati, mpangilio wa mitaa hiyo haueleweki.

Biashara iliyopita mlangoni

Makala za utalii hupenda kusema kwamba Willemstad ulitajirika kwa biashara, kisha zikanyamaza. Biashara gani? Kuanzia miaka ya 1660, ufalme wa Hispania ulipokuwa ukigawa mikataba ya kupelekewa watumwa katika makoloni yake, Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi iliigeuza Curaçao kuwa ghala. Meli zilitoka pwani za Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola zikiwa na watu waliofungwa, zikaingia Sint Annabaai, na walionusurika safari walihifadhiwa nje ya mji mpaka wapate nguvu za kuuzika, kisha wakasafirishwa tena kwenda Amerika ya Kihispania. Nusu ya pili ya karne ya 17 ilikuwa kilele cha biashara hiyo. Hii si habari ya pembeni ya historia ya bandari; kwa miongo kadhaa ndiyo iliyokuwa kazi kuu ya bandari.

Hapa panahitajika kusahihisha dhana moja. Kwa kuwa tumezoea kusikia juu ya Karibiani ya mashamba ya miwa, watu hudhani utumwa wa Curaçao ulikuwa wa namna hiyo. Ukame haukuruhusu. Mashamba yalikuwepo, yakilima mtama na kufuga mbuzi, na kulikuwa na mabwawa ya chumvi, lakini watumwa wengi wa Willemstad walifanya kazi bandarini: kupakia na kupakua, kutengeneza meli, na hata kuwa mabaharia. Hali hiyo haikuufanya utumwa kuwa mwepesi. Agosti 17, 1795, mtu aliyeitwa Tula aliongoza wenzake kugoma katika shamba la Kenepa, magharibi mwa kisiwa, na mgomo ukawa uasi uliodumu zaidi ya mwezi. Aliuawa hadharani, kikatili, Oktoba 3. Utumwa ulifutwa miaka 68 baadaye, Julai 1, 1863. Leo Tula ni shujaa wa taifa, na Julai 1, 2023 Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi kwa utumwa kwa niaba ya Ufalme.

Mwaka 1675 bandari ilitangazwa kuwa huru. Bandari huru ni mahali ambapo bidhaa zinaweza kushushwa, kuhifadhiwa, kuuzwa na kupakiwa tena bila kutozwa ushuru unaotozwa kwingine. Hispania ilikuwa imewakataza watu wa makoloni yake kufanya biashara na mataifa mengine, kwa hiyo kakao, tumbaku na ngozi za Venezuela zilivushwa kimagendo usiku kwa mashua ndogo mpaka Willemstad, na vitambaa na zana za Ulaya zikarudi kwa njia hiyohiyo. Wafanyabiashara Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno walikuwa na nafasi kubwa katika mtandao huo. Sinagogi lao la Mikvé Israel-Emanuel, lililofunguliwa mwaka 1732 katikati ya Punda, linatumika mpaka leo, na sakafu yake imefunikwa mchanga, kwa hiyo waumini na wageni hutembea kimya kama watu walio ufukweni.

Katika mchanganyiko huo wa Waafrika, Waholanzi, Wayahudi na Wahispania ndimo ilimokomaa Kipapiamentu, lugha ambayo msamiati wake mwingi una asili ya Kireno na Kihispania. Wanaodhani watu wa Curaçao wanazungumza Kiholanzi nyumbani wamekosea. Kiholanzi ni mojawapo ya lugha rasmi, ila gumzo la sokoni, nyimbo na matusi ni vya Kipapiamentu.

Daraja linaloondoka

Mji uliopasuliwa na njia ya meli una tatizo ambalo watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa: ukijenga daraja la chini unazuia meli, ukitegemea kivuko unasubiri. Jibu la Willemstad, lililofunguliwa mwaka 1888, lilikuwa daraja linaloelea juu ya mashua bapa, kazi ya mfanyabiashara wa Kimarekani Leonard Burlington Smith, ambaye pia aliuletea mji barafu na umeme. Linaitwa Daraja la Malkia Emma na lina urefu wa meta 167. Daraja la Liwatoni, lililojengwa Mombasa wakati wa janga la Uviko-19, nalo liliwekewa sehemu ya kufunguka kwa ajili ya meli, lakini la Willemstad halifunguki katikati. Linaondoka lote.

Namna linavyoondoka inafaa kuangaliwa kwa karibu. Upande wa Otrobanda daraja limeshikwa ukingoni kwa bawaba, kama mlango ulivyoshikwa na fremu. Upande wa Punda, mwishoni, kuna kibanda cha mwendeshaji na injini mbili zenye rafadha kama za boti. Meli inapokaribia, kengele hulia, mageti hufungwa, injini hunguruma, na ncha ya Punda huachana na ukingo na kuzunguka taratibu mpaka daraja lilale sambamba na gati la Otrobanda. Bendera ya rangi ya machungwa ikipandishwa, maana yake ufunguzi ni mfupi. Ya buluu humwambia mtu kwamba njia itabaki wazi kwa muda na ni afadhali apande kivuko, ambacho hubeba watu bure daraja linapokuwa wazi. Waliochelewa kutoka hubaki juu ya daraja wakizungushwa nalo, na hakuna anayeshtuka.

Zamani kuvuka kulilipiwa. Aliyevaa viatu alitoa senti 2 na aliyetembea peku alipita bure, utaratibu uliokusudiwa kuwasaidia maskini. Inasimuliwa kwamba matajiri walivua viatu vyao na kuvificha kwapani, ilhali maskini waliazima viatu na kulipa ili wasionekane hawana. Sitaapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kila siku, lakini simulizi hiyo haijachuja mjini.

Mwaka 1974 lilifunguliwa daraja la pili, la Malkia Juliana, refu la zege na chuma lililoinuliwa meta zipatazo 56 juu ya maji ili meli zipite chini. Ujenzi wake uligharimu maisha, kwani mwaka 1967 sehemu yake ilianguka na kuua wafanyakazi 15. Magari yalihamia juu, na daraja la kale likaachiwa waenda kwa miguu.

Mambo mawili yanayorudiwa bila kuchunguzwa

La kwanza ni rangi. Utaambiwa kwamba gavana Albert Kikkert, mwanzoni mwa karne ya 19, aliumwa kichwa kwa mng'ao wa kuta nyeupe kwenye jua kali, akapiga marufuku nyeupe, na baadaye ikabainika kwamba alikuwa na hisa katika duka la rangi. Marufuku ya mwaka 1817 inatajwa sana. Hisa za rangi ni utani ambao umesimuliwa mpaka ukageuka historia.

La pili ni vimbunga. Si kweli kwamba kila kisiwa cha Karibiani hupigwa kila mwaka. Curaçao ipo kusini ya njia ya kawaida ya vimbunga, na hiyo ni mojawapo ya sababu meli zilipenda kutia nanga huko. Hata hivyo, kuwa nje ya njia si kinga kamili: mwaka 1877 kimbunga kiliipiga Willemstad na kuharibu sana sehemu za mji zilizo ukingoni mwa bahari.

Mafuta ya jirani

Mtu akipita juu ya Daraja la Juliana anaona vitu viwili ambavyo havionekani kwenye kadi ya posta kwa pamoja. Upande wa kusini kuna shingo ya mtungi, na majengo yake ya rangi. Upande wa kaskazini kuna tumbo, na pale ukingoni mwa Schottegat kuna matangi, mabomba na minara ya kiwanda cha kusafisha mafuta. Tofauti hiyo huwashangaza wageni, nao huuliza kwa nini kisiwa kisicho na mafuta kilijengewa kiwanda kikubwa namna hiyo.

Jibu liko Venezuela. Mwaka 1914 mafuta mengi yaligunduliwa kando ya Ziwa Maracaibo, lakini mlango wa ziwa hilo kuelekea baharini ulizibwa na fungu la mchanga, na meli kubwa hazikuweza kuingia. Kampuni ya Shell ilihitaji bandari ya kina kirefu iliyo karibu, katika nchi yenye utulivu wa kisiasa. Ujenzi ulianza mwaka 1915 na kiwanda kikafunguliwa 1918. Meli ndogo zenye tumbo lisilozama sana zilivuka fungu la mchanga zikiwa na mafuta ghafi, zikashusha Schottegat, na mafuta yaliyosafishwa yakaondoka kwa meli kubwa. Kwa kuwa Mfereji wa Panama nao ulifunguliwa mwaka 1914, meli zilizokuwa zikienda na kutoka huko zilipata mahali pa kujaza mafuta njiani. Wafanyakazi walikuja kutoka Suriname, Madeira, visiwa vya Waingereza na kwingineko. Katika Vita Kuu ya Pili viwanda vya Curaçao na Aruba vilitoa sehemu kubwa ya mafuta ya ndege za Washirika, na ndiyo sababu nyambizi za Kijerumani zilizishambulia meli za mafuta katika maji hayo Februari 1942.

Kiwanda kiliinua maisha, na pia kiliufanya mji mzima utegemee mwajiri mmoja. Mitambo ilipoanza kuchukua nafasi ya watu na kazi kupewa makandarasi waliolipa mishahara midogo, hasira zilikusanyika. Mei 30, 1969 wafanyakazi waliogoma waliandamana kutoka kiwandani kuelekea Punda. Wakakutana na polisi, kiongozi wao mmoja akapigwa risasi na kujeruhiwa, na sehemu za Punda na Otrobanda zikateketea. Watu wawili walikufa. Wanajeshi wa Uholanzi waliletwa kutuliza ghasia, na serikali ya Antili ikajiuzulu. Wanasiasa weusi, ambao kabla ya hapo walikaa pembeni, waliingia madarakani kwa kasi baada ya siku hiyo, na ndani ya Uholanzi kwenyewe wengi walianza kutamani kuachana na visiwa hivyo. Safari ndefu iliyoishia kwenye mpangilio wa 2010 ilipata msukumo wake hapo.

Mwaka 1985 Shell iliondoka. Iliikabidhi serikali ya kisiwa kiwanda kwa bei ya gilda moja, na mkataba ukaisamehe dhima ya uchafuzi wa miaka 70. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo gilda ghali kuliko zote ambazo Curaçao imewahi kutumia. Serikali ilikikodisha kiwanda kwa kampuni ya mafuta ya Venezuela, PDVSA, na upepo wa mashariki unaovuma karibu mwaka mzima ukaendelea kupeleka moshi wake kwenye mitaa iliyo magharibi ya Schottegat, ambako wakazi walilalamika kwa miongo mingi. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, mafuta ghafi yakakauka. Mkataba wa kukodisha ulimalizika mwishoni mwa 2019, na serikali ikabaki ikitafuta mwendeshaji mwingine.

Bandari ya leo

Kuporomoka huko kulionekana pia mahali padogo zaidi. Nyuma ya Punda, kwenye maji ya Waaigat, palikuwa na soko lililoelea: mashua za Venezuela zilizofungwa ukingoni, zikiwa na turubai juu, mabaharia wake wakiuza ndizi, mapapai, maembe na samaki waliovushwa usiku. Kisiwa kikavu kilikula mboga za jirani. Januari 2018 serikali ya Venezuela ilifunga biashara na visiwa vya Aruba, Bonaire na Curaçao, na ingawa kufungwa huko kulikuja kulegezwa na kukazwa tena, soko halikurudia hali yake ya zamani. Wakati huohuo Wavenezuela wengi walihamia kisiwani kwa njia hiyohiyo ya bahari, safari hii wakitafuta pa kuishi.

Kazi nyingine zimeendelea. Ndani ya Schottegat kuna gati la makontena na vyelezo vya kutengenezea meli, na meli za mizigo bado zinapita katikati ya mji, karibu na meza za mikahawa kiasi kwamba wanywaji kahawa wanasoma majina yake bila darubini. Lakini meli za kitalii zimekua kuliko mlango. Nyingi ni ndefu mno, au ni za juu mno kupita chini ya Daraja la Juliana, kwa hiyo yamejengwa magati makubwa nje ya mlango, upande wa Otrobanda, yakiikabili bahari wazi. Abiria wanashuka hapo, wanapita kwenye ngome ya kale iliyogeuzwa maduka, wanavuka daraja kwa miguu na kupiga picha Handelskade. Meli yao haikuingia bandari ya kale hata hatua moja. Anayetaka kuliona Schottegat vizuri inambidi apande boti ndogo, au akodi teksi impandishe kilima cha Fort Nassau, ambako anaona tumbo lote la bandari pamoja na kiwanda chake.